Tovuti ya kutafuta ndugu

Frida, nina hasira kweli.

Kuna vijana wametoka Kigoma mjini, wametuletea hapa kambini tovuti yao ya kutafuta ndugu waliopotezana. Wakasema tuijaribu, halafu tuseme ukweli. Mama akaingiza jina lake, mimi langu, tumekaa benchi moja! Ikajibu: "Hamna undugu."

HAMNA UNDUGU! Mimi na mama yangu mzazi!

Eti majina ya ukoo hayafanani. Ukoo gani? Sisi Warundi kila mtoto ana jina lake! Nikawaambia haitusaidii chochote, waifunge. Mkubwa wao akacheka: "Basi chagueni jina moja mtumie wote."

Sasa Mama analia, shoga. Ananiuliza kama kaka Bucumi, huko alikopotelea, naye alishatutafuta humo akajibiwa hana ndugu.