Bi. Zuwena na Mkato Uliopotea

Ijumaa jioni, Discovery Gardens, Dubai. Joto la leo lilikuwa la kufukuza paka barabarani, na kioo cha dirisha kinatokwa jasho utadhani ndicho kilichopanda basi kutoka Satwa.

Shajara, nimeketi sakafuni. Viti vyote bado vimepangwa duara na sitaki kuvigusa. Nataka vibaki vile walivyoviacha.

Anayeifikia shajara hii mtandaoni kwa mara ya kwanza ajue kwamba ninaandika bila jina, na ana haki ya kujua kwa nini. Siku za kazi ninakaa mlangoni mwa jengo moja la ofisi pale JLT, nikiwasalimu masir na mamadam. Siku ya mapumziko mimi ni mchungaji wa ushirika mdogo unaokutana hapa sebuleni: walinzi, wapishi, dada wa kazi, wengi wao Wakenya na Waganda. Nawapenda kupita maelezo. Na mimi ni mwanamume anayependa wanaume. Nimelijua hilo tangu Bungoma, kabla sijajua kuhubiri. Kwetu mtu kama mimi huitwa shoga, na sijawahi kulisikia neno hilo likisemwa kwa sauti ya kawaida. Hurushwa kama jiwe.

Waumini wangu hunitafutia mke kila Krismasi. Mimi hucheka nao na kusema Bwana bado hajanionyesha.

Sasa ya leo. Nabwire, dada wa kazi kutoka Uganda, ameugua kwa muda mrefu na kesho anarudi kwa mamake. Amekonda mpaka gauni lake la kanisani linamning'inia kama pazia. Aliomba kitu kimoja tu: akishuka kwenye ndege, mama asiuone ugonjwa kabla ya kumwona yeye. Basi asubuhi nilikunja lile gauni nikaenda nalo Satwa, kwa Bi. Zuwena.

Bi. Zuwena ni fundi cherehani, Mzanzibari ambaye familia yake iko Dubai tangu haya maghorofa hayajaota. Ni rafiki mkubwa wa Mama Atieno, mpishi, ambaye ni mzee wa ushirika wetu. Nilimweleza kila kitu kuhusu Nabwire, hospitali na safari. Akapima gauni kwa macho, akanituma nikanywe chai mkahawa wa jirani ili nisimkodolee macho akikata.

Nilikuwa sijamaliza kikombe ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye kikundi chetu. Bi. Zuwena alikuwa amemtumia Mama Atieno. Mama Atieno alikuwa kazini, mikono kwenye vitunguu, akajua tu ni habari za gauni. Akaurusha kwenye kikundi bila kuusikiliza, ili aliye karibu na Nabwire amweleze.

"Shoga mchungaji wako yuko hapa kwangu, keshanieleza yote. Mwambie asiwe na wahka, mie n'tamsitiri."

Bi. Zuwena huongea kwa mwendo wa cherehani yake, hana kituo wala pumzi.

Nilikiweka kikombe chini. Mwenye siri hasikii sentensi nzima, husikia neno lake tu. Sikujiuliza ningekuwa nimemweleza saa ngapi mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu yeyote Dubai hii. Nilisikia neno lile limekaa mbele ya cheo changu, mbele ya watu wote, basi.

Kikundi ambacho mtu akipiga chafya tu anaitikiwa amina, leo kimya. Kisha Wasswa akaandika: "Mchungaji, tukutane leo saa kumi. Wote."

Wasswa ni mlinzi, Mganda, mtu wa sheria mpaka kwenye kupanga viatu mlangoni. Nikajua yamenifika.

Ndani ya basi niliomba vibaya. Sikuomba nisifukuzwe. Niliomba wanifukuze kesho mchana, baada ya mimi kumfikisha Nabwire uwanja wa ndege, kwa sababu nilimwahidi kwamba sitamwacha mpaka mlango wa mwisho. Niliogopa sana. Nilifikiria pia polisi, kazi, visa, na mama yangu Bungoma anayewaambia majirani mwanawe ni mchungaji ng'ambo.

Nilipoingia hapa sebuleni walikuwa wameshakaa. Nilitoa kikombe chetu cha meza ya Bwana kabatini nikakiweka mezani, na ufunguo wa kabati kando yake. Nilitaka kuwarahisishia.

Wasswa akasimama akiwa na sare yake.

"Mchungaji, hiyo sauti tumesikia. Mimi nilikasirika. Nilisema nitakuja niseme maneno mabaya. Lakini tetekuwanga iliponishika, chumba kizima kilihama. Wewe ulibaki, ukanipaka dawa mpaka mgongoni. Sasa tumeongea. Mambo yako ni yako na Mungu. Wewe ni mchungaji wetu. Hii habari isitoke kwa hii nyumba."

Wakaitikia amina. Si kwa nguvu, lakini waliitikia.

Nilikuwa bado natafuta pa kuweka mikono yangu Mama Atieno alipoingia mbio, ananukia vitunguu, simu mkononi. Alikuwa ameusikiliza ujumbe njiani.

"Yawa! Nyinyi watu! Shoga ni mimi! Bi. Zuwena huniita hivyo kila siku. Kwao Unguja shoga ni rafiki, mwanamke kwa mwanamke. Ananiambia mimi: shoga, mkato hapo, mchungaji wako yuko hapa! Na anayesitiriwa ni Nabwire, kwa gauni!"

Walicheka mpaka wengine wakashuka vitini. Wasswa alijipiga paji la uso akisema "banange, banange". Nami nilicheka, machozi yakinitoka, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa wote walikuwa wakilia kwa kicheko.

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi kabisa. Ningeupitia kimya kimya, safi, na ingebaki hadithi ya kuchekesha kila Krismasi.

Lakini niliwatazama. Walikuwa wamenichagua wakiamini ni kweli. Ningeukubali vipi upendo ule kisha niurudishe kana kwamba ulikuja kwa anwani isiyo yangu?

Nikasema, "Mama Atieno amesema kweli, mkato ulikuwepo. Lakini hata bila mkato, Bi. Zuwena hangekuwa amekosea."

Kicheko kilikufa. Dada mmoja, anayetuongozea nyimbo, alichukua mkoba wake taratibu, akavaa viatu akaondoka. Sijui kama atarudi. Nitamkosa, na sauti yake tutaikosa, na sitamlaumu.

Wengine walibaki. Mama Atieno alikaa, akapumua, akakisukuma kile kikombe mezani mpaka kikagusa mkono wangu.

Wasswa bado alikuwa amesimama. "Mchungaji, si tulimaliza hiyo? Khalas. Sasa sema, kesho nani anabeba sanduku ya Nabwire?"

Wakaanza kubishana kuhusu sanduku.

Nimehubiri neema tangu nikiwa kijana. Nimeieleza kwa mifano, nimeitolea machozi ya madhabahuni, nimewaambia wagonjwa waishike. Leo nimeiona kwa macho yangu imevaa sare ya ulinzi, na nimestaajabu kama mtu ambaye hakuwahi kuamini neno hata moja la mahubiri yake.

Walipoondoka nilimpigia Bi. Zuwena kuuliza gauni. Yeye hajui lolote la moto aliouwasha, maskini, na sikumwambia.

"Tayari, mwanangu, njoo asubuhi ulichukue," akasema. "Nimelipunguza, ila sikukata kitambaa. Nimekikunja ndani. Akinenepa kwao afumue tu, limtoshe tena."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa hapa sakafuni katikati ya viti.

Asubuhi Satwa, kisha uwanja wa ndege. Nitampeleka Nabwire mpaka mlango wa mwisho, nikiwa mchungaji wake.

Miaka yote hii nimejikunja. Je, na mimi nilikuwa na kitambaa ndani, ambacho hakuna aliyekikata?