Nililipa Sindano za Ramadhani, na Sasa Wakili ni Mwanangu

Salaam aleikum mshauri wetu mpendwa,

Mimi ni mama wa watoto watano hapa Wabera, Isiolo, nauza maziwa ya ngamia miaka mingi sasa, nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka nisamehe, lakini nimeandika mwenyewe kwa sababu mtu ambaye huniandikia barua zangu zote ndiye huyo huyo ambaye jambo hili linamhusu.

Nianze na yeye. Kijana wangu wa pili anaitwa Ganya na ni wakili. Sisemi karani wa wakili, wala wale wa kupiga chapa nje ya korti, nasema wakili mwenyewe, aliyeapishwa Nairobi mwaka jana mbele ya majaji na mimi nimekaa safu ya tatu nimevaa dera jipya. Katika mtaa wetu kuna walimu, kuna askari, kuna manesi wawili, lakini wakili ni mmoja tu na amekua kwa maziwa yangu. Sokoni siku hizi hawaniiti tena Mama Ganya, wananiita Mama Wakili, na mimi siwakatazi.

Sasa mshauri, mimi nina ugonjwa wa sukari. Tembe zilikuwa zimeshindwa kuishusha, daktari akaniandikia ile sindano ya kalamu ya kuchoma mara moja kwa wiki, ile ambayo wengine wanaitafuta kupunguza mwili. Mwili wangu mimi haukuwa na shida, nilikuwa mnene wa heshima, mnene wa mtu ambaye watoto wake wanamtunza, lakini nikakubali kwa ajili ya sukari. Tukaanza na dozi ndogo, kila mwezi anapandisha, na wallahi nilienda vizuri, sukari ikashuka, magoti yakaacha kuuma, nikawa nabeba mtungi wa maziwa mpaka stendi ya basi bila kupumzika njiani.

Ramadhani ikaingia. Nikafikiria hivi, hii dawa nikichoma leo inakaa mwilini wiki nzima, sasa hata nikichoma usiku baada ya kufuturu, kesho mchana nikiwa na saumu si bado itakuwa inafanya kazi ndani yangu. Nikaona hapana, nikaacha mwezi mzima. Sikumwuliza daktari na sikumwuliza sheikh, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na mimi nikiwa na uhakika huwa siulizi.

Idd ikapita, nikahesabu, nadaiwa sindano nne. Na deni la Ramadhani mimi najua kulilipa. Nilipokuwa nanyonyesha huyu huyu Ganya nilikula siku kumi na saba, na nikazilipa zote, siku kwa siku, kabla mwaka haujaisha. Basi sindano nikazilipa vile vile. Moja leo, kesho napumzika, nyingine kesho kutwa, na kalamu yenyewe ni ya ile dozi ya juu niliyokuwa nimefikia. Siku ya saba nilikuwa nimemaliza zote nne na nikajisikia mtu asiyedaiwa na yeyote.

Na kwa vile sipendi kuficha elimu, nikamfundisha Qabale, jirani yangu ambaye tunauza maziwa pamoja, naye alikuwa kwa sindano hiyo na alikuwa ameacha kama mimi. Nikamwambia, "Qabale, lipa, usikae na deni mwilini." Akasema, "Wewe ni mama wa wakili, wewe ndiye unajua." Akalipa.

Mshauri, tumbo langu lilisimama. Chakula cha Jumatatu nilikitapika Jumatano kikiwa vile nilivyokimeza. Maji hayakai, soda haikai, maziwa ya ngamia ambayo ni maisha yangu yote sikuweza hata kuyanusa. Nililazwa siku tisa, mkono wote ni maji ya mshipa, wakasema figo nazo zimeanza kuchoka. Qabale alitapika siku nne nyumbani kwake na akapata nafuu, Mungu ni mwema.

Sasa sikiliza pale nilipokosea. Daktari alikuja kitandani akaniuliza, "Mama, hii sindano ulikuwa unachoma vipi?" Na Ganya amesimama hapo kando na suti yake, ametoka kortini moja kwa moja. Dakika kumi nyuma nilikuwa nimewaambia wagonjwa wa wodi nzima kwamba huyu mnayemwona ni wakili, na nesi alikuwa amemletea kiti. Ningesemaje mbele ya watu hao kwamba mama yake amejichoma kama anayelipa saumu? Nikasema, "Mara moja kwa wiki, daktari, kama ulivyosema." Akaandika. Nilimwona akiandika.

Ganya akakasirika kwa ajili yangu. Akaulizauliza, akapata wengine waliodhurika na dawa hiyo hiyo, mmoja ni Mwalimu Karanja wa kule Burat ambaye alipasuliwa akatolewa mfuko wa nyongo, na sasa wako sita pamoja na mimi. Qabale hayumo, yeye alikataa mambo ya korti. Mkubwa wa ofisi yao, Bwana Irungu, akaangalia akasema hapa kuna madai, kampuni iliyoleta hii dawa haiwaonyi watu vya kutosha, na akampa Ganya aiongoze kesi. Ndiyo kesi yake ya kwanza mshauri, na jina la kwanza kwa karatasi ni langu.

Juzi alinisomea hati yangu ya kiapo sebuleni, ananitafsiria kwa Kiswahili. Inasema nilitumia dawa mara moja kwa wiki bila kukosa, kama nilivyoelekezwa. Akaniuliza, "Aayo, mama yangu, ni sawa hivyo?" Nikamwambia asome tena. Nilikuwa nimesikia vizuri, lakini napenda kumsikia mwanangu akisoma. Mara ya pili lile neno "bila kukosa" likanichoma kuliko sindano yenyewe. Akanipa kalamu nitie sahihi, nikamwambia miwani yangu imepotea. Akatoka, akarudi jioni hiyo na miwani mpya. Ndiyo aina ya mtoto niliyezaa.

Jumanne ya mwisho wa mwezi nakwenda kuapa. Nimemwambia Qabale peke yake, na yeye anasema, "Nyamaza. Hao wa kampuni walikuwa jikoni kwako? Nani atajua?" Halafu anasema, "Ukifungua mdomo, Isiolo yote itasema wakili wa Wabera alianza kazi na kesi ya mama aliyejidunga akidhani analipa saumu." Akacheka sana. Mimi pia nilicheka, halafu chai ikanishinda.

Mimi nimepona, alhamdulillahi. Nakula, nimerudishwa kwa tembe, ngamia wanakamuliwa, watoto wote wananipigia simu, sina shida nyingine hapa duniani. Ni hii moja. Nikisema ukweli namwaibisha kijana wangu mbele ya mkubwa wake, nikinyamaza naapa uongo, na yeye ndiye atakayeubeba mkononi kumpelekea jaji. Naomba uniambie nifanye nini. Ukiitoa barua hii gazetini jina langu usiandike, lakini la Ganya unaweza, hata kwa herufi kubwa.

Mama Wakili,
Wabera, Isiolo

*

BI SABDIO ANAJIBU

Wa aleikum salaam, Mama Wakili.

Majina yote nimeyabadilisha, na la kijana pia, utanisamehe. Nimefurahi umepona, na nimefurahi zaidi kwamba Qabale amepona, kwa sababu huyo mgonjwa ulikuwa unamtibu wewe.

Hebu tuelewane. Saumu ina kulipwa, dawa haina. Siku uliyoila inakungoja mpaka uifunge, lakini sindano iliyokupita imekwenda, na mtu aliyekaa mwezi mzima bila dawa kama hiyo mara nyingi hurudishwa chini aanze tena kidogo kidogo. Daktari angekuambia hivyo kwa dakika moja. Na sheikh wako ungemkuta mlangoni baada ya swala ukamwuliza kama sindano inaharibu saumu, na ninavyojua mimi, masheikh wengi wangekuambia ujichome ukishafuturu na uendelee na ibada yako. Ulikuwa na watu wawili wa kuuliza na hukuuliza hata mmoja. Uhakika wako nusura ukuzike.

Lakini sikucheki. Ulifanya hesabu ya mtu mwaminifu ambaye hapendi kubaki na deni. Na nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja. Kuna mtu yeyote aliyekuambia ufanye nini ukikosa wiki moja, au nne? Aliyekuuzia alisema? Kuna aliyekuuliza Ramadhani utafanyaje, katika mji ambao nusu ya watu wanafunga? Sijaona mahali umesema alikuwepo. Mimi si wakili na sikuahidi chochote. Pengine jambo hili litaipa kesi nguvu, pengine jina lako litaondolewa kwenye orodha. Wa kupima ni Ganya na Irungu, na hawawezi kupima kitu ambacho umekikalia.

Qabale anauliza nani atajua. Duka la dawa lina tarehe ya kila boksi ulilonunua na hospitali ina tarehe uliyolazwa. Wakili wa kampuni ataziweka hizo karatasi mbili mezani na kukuuliza kwa upole kabisa, "Mama, Ramadhani nzima hukununua dawa, kisha boksi la wiki nne likaisha kwa wiki moja. Zilienda wapi?" Atakayesimama kando yako bila jibu ni mwanao. Wakili mchanga akishindwa kesi yake ya kwanza, kesho yake anarudi ofisini na kazi inaendelea. Akipeleka kiapo cha uongo, tena cha mama yake mzazi, ni nani katika mji huo ataamini kwamba hakujua? Hiyo aibu unayomkinga nayo leo ni ya wiki moja. Unayomtengenezea itamfuata mpaka aote mvi.

Na kuna Mwalimu Karanja. Yeye hakulipa deni lolote. Kwa jinsi ulivyoniandikia, amepasuliwa na ana haki ya kusikilizwa. Ukishikwa na uongo wewe uliye wa kwanza kwenye karatasi, kampuni itasema wote sita ni wa namna hiyo.

Basi usiingoje Jumanne. Kesho pitia kwa Qabale umwambie kwamba unakwenda kusema, na kwamba yeye naye akapimwe figo, hata kama anajiona mzima. Kisha nenda ofisini kwa mwanao. Nyumbani hapana. Nyumbani utamwekea chai, utalia, naye atakuambia basi Aayo, yaishe, na mambo yatabaki palepale. Mwambie karani unataka kumwona Ganya pamoja na Irungu, mlango ufungwe. Beba kila boksi na kila kalamu hata iliyo tupu, risiti zako, na ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi ambayo najua hukuisoma. Sema hivi tu: "Niliacha mwezi mzima, kisha nikajichoma sindano nne kwa siku saba, na daktari nilimdanganya." Ukishasema, nyamaza. Usianze habari za wodi wala za suti. Wakikuuliza, jibu ulichoulizwa.

Kutoka hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Bila shaka daktari wako ameandika kwamba mwili wako umeikataa dawa hii, na inawezekana haukuikataa kamwe. Amekurudisha kwa tembe zile zile zilizoshindwa mwanzo, kwa sababu ya sentensi moja uliyomwambia mbele ya watu. Huyo ndiye anayeshika figo zako mkononi, mama. Mwache afute alichoandika na aandike upya.

Ganya atakasirika, nisikufiche. Huenda akakaa siku mbili tatu bila kukupigia simu. Mvumilie, na usimtume mjomba wala jirani kwenda kumbembeleza. Na kiapo kipya kikishaandikwa, kama watakuandikia, omba Irungu ndiye akusomee kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Akifika mahali ambapo si kweli, mwinulie mkono asimame. Akimaliza ukurasa wa mwisho na mkono wako bado uko mapajani, chukua kalamu utie sahihi.