Kitambaa cha Kwenye Usukani

Mama Bundala,

Ukitoka misa, uji uko jikoni. Ndama hajafunguliwa.

Mwanao kaondoka na gari kwenda Maswa. Breki zinavuja! Jana nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na humu ndani kila mtu anajua maana yake: gari haliguswi. Leo nimekikuta kambani, umekifua. Kimetakata kweli.

Simu yake haipatikani, namfuata kwa bodaboda. Akipiga, mwambie asitegemee breki, ashushe gia. Mwanzoni zitashika, na hapo ndipo zitamdanganya. Nawaambia kila siku: injini humtoa mtu nyumbani, breki ndiyo humrudisha.

~~Usimwambie bibi yake.~~ Mwambie aombe.

Kitambaa kianue. Nikirudi peke yangu, nisikikute kambani.

Baba Bundala