Kifaa Kilichoishusha Chemchemi

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri na kubisha vizuri zaidi. Wewe, shemeji na watoto hamjambo? Magoti ya mama bado yanamsumbua, ndiyo maana nilitaka kuvuta bomba kutoka kwenye chemchemi ili aachane na ndoo.

Mimi ni fundi bomba, na jicho langu liliniambia chemchemi iko juu ya nyumba. Basi baba akatoka na kile kifaa cha setilaiti ulichomtumia, akapima mlangoni, akapima chemchemini, akarudi kutangaza kwamba chemchemi iko chini na maji hayapandi mlima. Nikamuuliza mbona tukienda huko tunahema. Akasema mimi ni mvivu tu. Mama akajitwika ndoo yake.

Nikamwendea mpima ardhi anayepima barabara mpya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba kifaa hujua kilipo kwa kusikiliza setilaiti za angani. Kwa upande, zipo za huku na za huku, zinasahihishana. Kwa kimo, zote ziko juu yetu. Chini ya miguu dunia nzima imeziba, hakuna ya kusahihisha. Ndiyo maana kimo hukosewa zaidi, na penye miti kama pale chemchemini ndiyo usiseme.

Nilipomweleza baba hayo, akakiweka kifaa mezani akijaribu. Kwa mujibu wa kifaa, meza ikapanda, ikashuka, na chai haikumwagika. Bado akabisha! Nikajaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani, maana maji yake hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, akashika ncha moja nami nyingine, tukapima kipande kwa kipande hadi chemchemini. Maji hayana ubishi: tulikuwa tunapanda.

Hapo nikamuuliza kwa hasira kwa nini amemtesa mama hivyo. Akainama. "Kaka yako alijinyima akaninunulia hiki," akasema. "Nikiite mwongo mbele ya watu?"

Kaka, hasira ziliniisha palepale. Tulichimba mtaro pamoja, na sasa maji yako jikoni. Mama anafungua bomba hata asipokuwa na kiu.

Baba hajui kwamba nakuandikia haya. Kifaa bado anakivaa shingoni, na kila jioni anakiuliza uko mbali kiasi gani. Hilo kinalijibu sawasawa. Njoo basi, hiyo namba ishuke.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie hapa hatabeba ndoo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa nyumbani