Ndiyo Yako, Baba

Baba,

Nina kazi, na ungeicheka mpaka ukohoe. Nafundisha Wazungu Kiswahili. Niko kwao Ulaya, katika mji wa Bruges, mji mkongwe wa mifereji na kengele, ambako mawe ya barabarani yananiumiza miguu na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tangazo lilibandikwa ofisini Kasongo nilipokuwa karani: anatakiwa mtu mweusi mwenye Kifaransa kizuri na Kiswahili safi, akawafundishe vijana wanaojiandaa kuja kututawala. Wenzangu walisita. Mimi niliandika ombi siku ileile, kwa sababu nilikuwa na neno moja la kuwafundisha.

Neno lile ulilofia.

Mvua ilikuwa imeozesha mbegu za pamba walizotulazimisha kupanda mahali pa mpunga wetu. Mkaguzi wa mashamba, yule tuliyemwita Bwana Pamba, akasema umezichemsha makusudi zisiote. Akakuuliza mbele ya watu wote, kwa Kingwana, Kiswahili cha kwetu, alichokikatakata kwa kuamrisha: "Weye hapana chemusha mbegu?" Ukamjibu kwa adabu, kama anavyojibu mtu yeyote wa kwetu: "Ndiyo, Bwana." Yaani ni kama ulivyosema, sikuzichemsha. Yeye akasikia: ndiyo, nilizichemsha. Ukalazwa chini. Kila fimbo iliposhuka ulirudia "ndiyo, Bwana, ndiyo," ukidhani hajasikia vizuri. Baba! Wewe unajitetea, yeye anadhani unakiri. Wakakupeleka gereza la Kabambare. Mama akakufuata kwa miguu, akakuosha mgongo kwa maji ya chumvi, akakuzika hukohuko, akarudi Kasongo peke yake.

Nakukumbuka ukinifundisha kusoma, kidole chako chenye udongo wa shamba kikifuata mstari. "Soma polepole, mutoto, hakuna mutu anakufukuza." Nawaambia hivyohivyo vijana hawa, ila siwaambii kwa upendo.

Mwanzoni nilitaka kuwafundisha upuuzi, wafike kwetu wachekwe hadi na kuku. Nikaacha. Upuuzi wao ungelipwa na migongo ya watu wetu.

Mwaka huu nikaona kwenye orodha ya wanafunzi jina la ukoo la Bwana Pamba. Ni mwanawe. Kijana mpole, mwenye bidii, na macho ni ya baba yake kabisa. Nilidhani nitatetemeka, kumbe nilifurahi. Wiki nzima sikufundisha kingine ila ndiyo na hapana. "Hujala?" Kama hujala, sema ndiyo. Kama umekula, sema hapana, nimekula. Niliwarudisha mwanzo mpaka wakanichukia.

Ikafika siku ya wazazi kutembelea madarasa. Bwana Pamba akaja, mzee sasa, na mkongojo. Hakunijua. Mbele ya wote akajisifu kwamba Kingwana anakiweza kuliko mimi, akaniambia nimjaribu. Nikamjaribu, Baba. Nikatumia Kingwana chake mwenyewe: "Bwana, weye hapana piga mulimaji wa Kasongo, hata akakufa?"

"Hapana!" akajibu kwa nguvu. "Hapana, hapana!"

Kila kijana pale alijua jibu lile lina maana gani: si kweli kwamba sikumpiga. Nilimpiga. Mmoja akacheka, kisha akajiziba mdomo. Mwanawe akawa mwekundu, halafu mweupe, akaniangalia, na nikajua ameelewa kwamba silo swali la kitabuni. Akamnong'oneza baba yake. Mzee akatafuta kiti. Mimi nikafuta ubao, na moyo wangu ulikuwa mtamu. Sitakuficha, ulikuwa mtamu.

Lakini haukushiba. Mzee yule atakufa kitandani kwake, na shuka safi.

Jana ulikuwa mtihani wa mwisho. Ningeweza kumwangusha kijana, akabaki huku auze jibini. Nimempa alama za juu kuliko wote, na anazistahili. Wenye alama hizo huchagua wilaya ya kwenda kutawala. Nilipomsikia anasita, nikamshauri Kasongo, nikaisifu kama mtu anayeuza ng'ombe, naye ameichagua. Nadhani anataka kutubu. Hilo ni lake.

Mama nimemwandikia. Nimemwambia kijana akifika ampe kiti, ampe maji, asimpigie kelele. Kisha amweleze mgongo wako, jeraha moja baada ya jingine, na ulivyoomba maji Kabambare, na maneno uliyosema mwisho, ambayo hata mimi hajawahi kuniambia. Asiruke kitu. Asilie mapema, kilio kitamfanya kijana apate nafasi ya kumfariji.

Mungu akupe nafasi, Baba, hapo ulipo. Kaburi lako nitalijengea nikirudi. Na nakuahidi hili: yule mtoto wa Bwana Pamba hatahitaji mkalimani. Nimemfundisha mwenyewe. Ataelewa kila neno.

Mwanao