Maji ya Koridoni

Magomeni, Kilosa
12 Novemba

Mwanangu Onesphory,

Shikamoo yako nimeipokea kupitia simu ya shangazi yako Yusta, marahaba sana. Natumaini kifua kimepona na kazi za huko Mikumi zinakwenda. Mimi nipo, ila daktari amenieleza kwa upole kwamba moyo wangu umechoka, na kuna jambo nililokuficha kuhusu maji yaliyoniangusha koridoni. Naandika wakati mkono bado unaweza.

Ujue kwamba niliogopa kuanguka kabla sijaanguka. Tangu Pasaka, nilipoteleza mlangoni mwa kanisa bila hata kuumia, sikuiamini tena miguu yangu. Mimi niliyesimama ubaoni miaka thelathini na minne nikawa nahesabu hatua za kutoka kitandani hadi mlangoni. Ukuta wa koridoni umechafuka kwa kiganja changu. Sokoni niliacha kwenda, kanisani nikaacha. Chai ya jioni niliikataa nikisingizia sukari, kumbe nilikwepa zile ngazi mbili za kushukia uani, chooni. Shangazi yako alinicheka kwamba mwalimu mkuu mzima anagoma kwenye ngazi kama mbuzi anayevutwa mnadani. Nikacheka naye. Mkeo Domina, uliyeniachia anitunze, hakucheka. Alikuwa akikohoa kidogo nje ya mlango nijue yupo, kisha anatangulia polepole mbele yangu bila kunigusa, maana kwetu mke wa mwana hamshiki baba mkwe.

Siku ile, sijui Jumanne au Alhamisi, alikuwa bombani. Nikaamua kwenda uani mwenyewe. Katikati ya koridoni nikakwama. Mbele siwezi, nyuma siwezi. Nilisimama hapo muda gani, mpaka leo sijui. Kilichofuata, niko chini kwenye maji, na Yusta anapiga kelele majirani wasikie kwamba huyu binti amepiga deki akaacha sakafu inaelea, anataka kumuua kaka yake.

Ulipofika ulimwuliza Domina nani alipiga deki. Akajibu ni yeye, asubuhi. Ukamwambia arudi kwao Malolo mpaka ajifunze kutunza mzee. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Nami nilifumba macho kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Sasa ni miezi minne, au mitano. Yusta anasema minne. Ananiambia pia kwamba umeapa hutamrudia. Sijielewi, mwanangu. Kila asubuhi nasema leo nitakueleza, na simu yako ikija nazungumzia mvua. Nimejiuliza kama niliogopa kwenda kuishi kwako kama mtoto, au niliogopa tu uso wako ukinitazama. Siku zinakwisha.

Nenda Malolo kabla hujaja kunizika. Uwasalimie wakwe zako kwa heshima zote, na jirani yako wa huko Mikumi, Frank, usimsahau. Yusta anawasalimu, nimemwambia naandika habari za shamba.

Sasa lile lenyewe. Sakafu ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Maji yale yalikuwa mkojo wangu. Domina ndiye aliyeifua suruali ile, akaianika nyuma ya nyumba, na hakumwambia mtu.

Baba yako,
Elikana