Kibomba Kilichofunguka Uani Kwetu

Baba Divine wangu,

Kesho wanataka tuondoe matanga yako. Viti vimeshaletwa, pombe ya ndizi imeshaiva, na ami yako amepanga nani atasema neno. Kwa upande wa majirani atasema Severin. Ndiyo, Severin yule yule. Ameazima hata koti.

Ngoja nikuambie, maana we uliondoka bila kujua nilichokiona.

Unakumbuka siku ile nilikuletea chakula kwenye karakana yako, kule mtaa wa Asiatique? Severin alikuwa amekuja na kile kibomba cheusi cha kumeza sauti ya bunduki, amekifunga kwenye gazeti kama samaki. Kila akipiga risasi, kilikuwa kinalegea kwenye meno ya mtutu. Basi akazungushia meno yale kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ule mwekundu, ili kikaze. Ulicheka mpaka ukaweka sahani chini.

"Eh, Seve! Unafunga bunduki kama robine ya maji? Moto utakula huu mpira, kitakuruka!"

Ukamwonyesha kwa kidole: chuma kinataka kukaa juu ya chuma, kisafi, kikazwe mpaka mwisho, la sivyo mtikisiko unakifungua kidogo kidogo. "Basi nitengenezee," akasema. Ukafuta mikono.

"Apana. Pampu nitakutengenezea, kinu nitakutengenezea. Lakini mutu akiuawa, angalau jirani asikie."

Hakucheka. Nilidhani yameishia pale.

Jioni ile nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, saa ya kujifungia ndani inakaribia. Mlio wa kwanza nilidhani ni wewe unakohoa. Wa pili, Musaga yote iliusikia. Majirani wakatoka na taa zao, mutu akaruka ukuta akakimbia. Nikakukuta mlangoni. Ulikuwa bado una... apana, hilo siliandiki. Nilipopiga magoti mkono wangu uligusa kitu cha moto mchangani. Kile kibomba. Mpira mwekundu umeyeyuka ndani ya meno yake. Kiliniunguza kiganja, nami nikakifunga kwenye kitenge hivyo hivyo.

Na nani alikuwa wa kwanza kuja kunishika mabega?

"Pole, mama Divine. Pole sana. Hapa uani hamukuokota kitu?"

Hamukuokota kitu! Mume wangu amelala chini, yeye anauliza tumeokota nini.

"Apana, Seve," nikamjibu. "Nitaokota nini mi?"

Alibeba jeneza lako. Amekunywa na ndugu zako kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Divine sasa anatembea. Akiona mwanaume yeyote amebeba sanduku la vyuma kama lako anamkimbilia, halafu anasimama katikati ya njia, anamwangalia usoni, anarudi kwangu. Hapo ndipo moyo wangu unapokuwa jiwe.

Ami yako nilimwonyesha kibomba. Akakifunga tena kwenye kitenge, akanirudishia. "Mwanangu, vita hii haijaisha. Nyamaza, ulee mutoto." Namheshimu ami, wajua. Lakini mi sikunyamaza kwa woga. Nilikuwa nasubiri watu wawe wengi.

Kuna vijana walitaka kunimalizia hiyo kazi. Nikakataa. Kufa ni upesi mno. Nataka azeeke papa hapa Musaga. Nataka akiingia dukani maneno yakatike. Nataka mama yake amwekee chakula bila kumtazama. Mungu akiniona mbaya, anione.

Divine nimempeleka leo asubuhi kwa mama yangu, kule Mutanga Sud, na nguo zake zote. Alilia. Nikambusu, nikageuka, sikuangalia nyuma. Kama sitarudi kumchukua, ataambiwa kwa nini.

Kesho, kama desturi, ami atauliza nani ana neno na marehemu kabla matanga hayajaondoka. Severin atakuwa amesimama, karatasi mkononi. Nitatoka kwenye mkeka wa wanawake, nimpe kitu chake mbele ya mama yake na mbele ya wote, na nitasema kwa sauti ya juu nilikitoa wapi na alikuletea lini. Matanga sitayaondoa. Yeye ndiye ataondoka akiyabeba.

Lala, mume wangu. Lakini kesho mchana usilale sana. Nakuahidi, hata huko uliko utasikia.

Mama Divine wako